Taa ya Redio ya Bwanamkuu

Mwanatumu alikuwa na mume msemaji, wallahi, wa kusema mpaka na kuku. Kisha, mwaka ule wa themanini na nne, taa ya redio ikafa, na Bwanamkuu naye akanyamaza.

Taa, ndivyo mafundi wa Malindi walivyokiita kile kichupa cha kioo kilichomo ndani ya redio za kizamani. Kikifa, sauti hakuna. Bwanamkuu hakuwa fundi wa kazi. Tangu astaafu alikuwa akifufua redio kuukuu kwa mapenzi yake tu, na hii alikuwa kaihangaikia mwaka mzima. Akauzunguka mji wote akitafuta taa. Wakamcheka: "Mzee, siku hizi ni transista, mawe manne ya betri yatosha!" Akarudi, akaketi barazani, mdomo kaufunga. Ukimwuliza chai, atikisa kichwa.

Mwanatumu akamkosa mumewe ilhali yuko palepale. Yalimuuma sana. Nyumba haina hata ugomvi wa asubuhi, ni nyumba hiyo?

Akasikia kuwa Kibarani, kule Kilifi, kuna mjane aitwaye Kadzo, aliyeachiwa sanduku la vikorokoro na mumewe, fundi Kaingu. Akavaa buibui, akaenda.

"Shikamoo, mama," Kadzo akamlaki.

"Marahaba, mwanangu. Natafuta taa ya redio."

Zaidi ya jina hilo la taa, Mwanatumu hakujua kitu. Kadzo naye hakuwa amelifungua sanduku lile tangu msiba. Wakalipekua pamoja, na Kadzo akalia kidogo, na Mwanatumu akalia naye, maana kilio hakitaki kualikwa. Vichupa vya kioo vilivyojaa humo wakavisukuma kando. Walidhani ni vya dawa. Chini kabisa Kadzo akaibua kitaa kidogo, kama punje ya mahindi.

"Si hii?"

"Ndiyo hiyo! Taa si taa?"

Kadzo akakataa malipo, akamfungia kitaa chake kwenye kipande cha gazeti.

Jioni Bwanamkuu akalifungua gazeti lile. Akakitazama kitaa, akamtazama mkewe. Kilikuwa cha kumulikia majina ya stesheni tu. Mwanatumu akaona uso wake, na moyo ukamshuka.

"Siyo?"

"Sandukuni hamkuwa na vichupa vya kioo?"

"Tele! Vya dawa. Tukavisukuma huko."

Bwanamkuu akashika mbavu. Akacheka mpaka kofia ikamdondoka, na Mwanatumu, aliyekuwa tayari kukasirika, akamwambia, "Cheka, mjinga we! Wenyewe mwaviita taa, sasa mimi nitajuaje?"

Bwanamkuu akaiokota kofia yake. Alikichukua kile kitaa, akakitia mahali pake, akawasha. Majina ya stesheni yakang'aa, Mombasa, Nairobi, London, na redio kimya kama kaburi. Basi mzee mzima akajikunja nyuma ya redio, miguu yote nje.

"Hii ni sauti ya nyumba ya Mwanatumu," akatangaza kwa kikohozi cha mtangazaji. "Habari kwa ufupi. Mke wa mtu amekwenda Kilifi na kurudi kwa ajili ya mzee mmoja mkaidi. Mzee huyo asema hajui amshukuru vipi. Kesho watakwenda wote wawili kwa Kadzo. Hali ya hewa..."

Mwanatumu akajifuta machozi kwa ncha ya leso.

"Ongeza sauti, babake Khamisa," akasema. "Siku nyingi sijaisikia."