Chipu ya Tatu

Chipu zilikuwa tatu tu, za sampuli, na masikio ya mama yangu yalizitegemea hizo. Vifaa vya hospitali vilimpa kelele, si maneno. Chipu hii ilikuwa na uwezo wa kutenga sauti ya mtu na vurugu nyingine zote. Basi mimi, fundi redio, nikakaa miezi minne nikiichorea bodi yake ya umeme, dada yangu akinitania kwamba nimwoe kabisa huyo mdudu tujue moja.

Bodi zikaja kutoka kiwandani. Nikalehemu chipu ya kwanza, nikawasha, ikafuka moshi. Nikailaumu betri. Nikabadilisha betri, nikaweka chipu ya pili, moshi tena.

Hapo ndipo nilipoisoma karatasi yake ya maelezo kwa kituo. Mchoro ulionyesha chipu ikitazamwa kutoka chini, mimi nikachora kama naitazama kutoka juu. Kushoto kukawa kulia, umeme ukaingia pasipo pake. Miaka ishirini kwenye ufundi! Nilijitukana mpaka matusi yakaniishia.

Niliwaandikia watengenezaji walionitumia chipu hizo. Wakajibu kwa adabu zao: mradi umefungwa, chipu haitatengenezwa tena, pole sana.

Ikabaki moja. Nikailaza chali juu ya bodi ile ile, miguu juu, ili kushoto kurudi kushoto, kila mguu nikauunga kwa waya mwembamba kama unywele. Nikavaa kisikilizio, nikafungulia redio kwa sauti ya juu, nikamwambia dada aongee. Nikamsikia yeye tu. Nililia, sifichi.

Heri ningeishia hapo. Lakini nilitaka mama avae kitu cha heshima, si kichaka cha nyaya, nikakifunga ndani ya kasha nililokwisha kulitengeneza. Chipu iliyolala chali ilikuwa imeinuka kidogo. Kifuniko kikazikandamiza nyaya, zikagusana. Mama alikuwa ameshalivaa shingoni, kisikilizio sikioni, nilipobonyeza swichi. Harufu niliijua. Wahenga wana neno lao kuhusu majuto, na siku ile sikutaka mtu anitajie.

Nikachuchumaa mbele yake.

"Mama, kimeungua," nikamwambia. "Na hakuna kingine."

Alinitazama usoni. Akanishika kichwa kwa mikono miwili.

"Nakusikia, mwanangu," akasema kwa ile sauti yake ya juu, ya mtu asiyejisikia. "Nakusikia vizuri kabisa."

Dada akatoka nje.