Anayeninyang'anya Wimbo

Mdogo wangu alikuwa na mdomo usiotulia, na tangu tuko wasichana watu walimwita Chiriku. Kazi yake ilikuwa ususi. Mtu aliketi kwenye kiti chake asubuhi nywele zimemtimka, mchana akatoka amesukwa vizuri, amejua habari za mtaa mzima, na zake mwenyewe ameziacha pale pale. Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba yangu. Cherehani haijui kusengenya, kwa hiyo nilihitaji muziki.

Binti yake ndiye aliyetufungulia akaunti ya muziki. Akaunti moja, wanawake wawili, maana kwa ubahili mimi na mdogo wangu tulitoka tumbo moja kweli. Tableti yangu binti aliipa jina la Mkubwa. Simu ya mama yake alitaka kuiita Mdogo. Mama yake akamnyang'anya, akaandika mwenyewe: Chiriku. Humo tukaweka nyimbo zetu za magitaa, zile za ujana. Ukiongeza wimbo kwangu, unauona kwake. Ukiufuta kwake, kwangu nao haupo. Ila akaunti ile haikubali kusikilizwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Mmoja akibonyeza, mwenzake ananyamazishwa, na kwenye kioo yanatokea maandishi: muziki umesimama, unapigwa kwenye kifaa kingine.

Binti akashauri kila mtu awe na akaunti yake. Tukamwambia tutafikiria. Hatukufikiria hata kidogo, kwa sababu tulikuwa tumeshapata mchezo.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Baada ya chakula cha mchana, mimi niko kwenye cherehani, yeye yuko saluni upande wa pili wa mji. Mmoja anaweka wimbo, mwenzake anamnyang'anya. Na ulikuwa na adabu zake. Hairuhusiwi kunyang'anya kabla ya kiitikio. Unamwacha mwenzako apashe moto, mwimbaji avute pumzi, waitikiaji wafungue midomo, hapo ndipo unabonyeza kwako, naye abaki kama mtu aliyepokonywa tonge mdomoni. Kisha anasubiri wimbo wako ufike pale pale, na yeye anakufanyia vivyo hivyo. Kupigiana simu hatukuwa nako. Nikinyang'anywa, najua mdogo wangu mzima, amekula, na ukorofi wake uko mahali pake.

Siku moja wimbo wangu ukaisha salama. Nikampigia binti.

"Mama mkubwa," akasema, "nilikuwa nataka kukupigia. Tuko hospitali."

Mdogo wangu alikaa wodini muda mrefu kuliko tulivyotarajia, na mfupi kuliko tulivyotaka. Hata huko hakuacha. Asubuhi nilikwenda kumwona, amelala kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Mchana nikirudi kwenye cherehani ananikatisha kama kawaida, barabara kwenye kiitikio. Kisha tukamzika.

Tableti niliifunika kwa kipande cha kitambaa cha sare, nikashona kimya. Watu walikuja, wakaondoka, shule zikakaribia kufunguliwa, na mikono ya mashati ya watoto haijui msiba. Siku nilipoona kimya kinanishinda, nikaifunua tableti nikaweka wimbo. Sikuchagua, niliweka tu uliokuwa juu. Magitaa yakaanza, mwimbaji akasimulia shida zake, akavuta pumzi.

Ukasimama.

Mguu wangu uliendelea kukanyaga cherehani peke yake, ukaushonea mkono wa shati kwenye mfuko. Kwenye kioo iliandikwa: unapigwa kwenye kifaa kingine. Na chini yake jina la kifaa: Chiriku.

"Hata huko ulikokwenda hujapata kazi ya kufanya?" nikasema kwa sauti, kama ninavyosema siku zote. Kisha nikasikia sauti yangu ilivyokaa peke yake chumbani.

Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Keshokutwa nikajikaza nikanyang'anya na mimi. Nikaachiwa. Nikaachiwa kwa upole kabisa hadi kwenye kiitikio, nikakatishwa. Mwizi wa simu nimewahi kusikia habari zake. Mwizi anayesubiri kiitikio, huyo bado.

Nikamwita binti. Yeye anauza dawa kwenye duka la dawa, mtu wa vipimo, haamini kitu kisichokuwa na karatasi ndani ya boksi.

"Simu ya mama iko kwenye droo yangu," akasema. "Imezimwa tangu siku ile."

Akaileta. Ilikuwa imezimwa kweli, betri imevimba, imekisukuma kifuniko cha nyuma kama mtu aliyeshiba anayetaka kufungua mkanda. Tukaipeleka kwa fundi simu, yule anayekaa kwenye kibanda cha kioo karibu na benki. Fundi akachukua tableti yangu, akafungua pahali ambapo sikujua kama pana mlango.

"Nyimbo hazimo kwenye simu, bibi," akasema. "Hata kwako hazimo. Ziko mbali, kwenye kompyuta za watu. Wanaita wingu."

"Hizo kompyuta ziko hewani?"

"Ziko kwenye majengo."

"Basi ni ghala. Waseme ghala, wasitupandishe juu bure."

Akacheka. "Haya, ghala. Vifaa vyenu ni madirisha ya hilo ghala. Unaweza kufungua dirisha lako, au ukiwa kwako ukalifungua la mwenzako, muziki ukasikika kule. Ila linafunguliwa moja kwa wakati mmoja. Na ghala halijui nani yuko dirishani. Linajua jina la dirisha tu."

"Na hili la Chiriku?"

Akainamia kioo. Akaacha kucheka. "Kuna Chiriku wawili hapa. Mmoja amelala, nadhani ni hii yenye betri mbovu. Mwingine yuko macho sasa hivi."

Binti akashika kichwa. Akakumbuka kwamba mama yake aliponunua simu mpya, kila kitu kilinakiliwa kutoka ile ya zamani, na jina likaja nacho. Ile ya zamani ilikuwa na ufa kwenye kioo. Mama yake alikwenda na zote mbili wodini, na hiyo ya zamani hawakuiona tena.

"Imeibwa," binti akasema. "Mtu anajifanya mama yangu."

Fundi akatuonyesha kitufe: ondoa vifaa vyote. Ukikibonyeza, akasema, kila dirisha linafungwa, hata nyimbo zilizoshushwa zikahifadhiwa kwenye simu ile zinafungwa nazo, mpaka mtu aandike neno la siri jipya. Kidole cha binti kilikuwa kimeshanyooka. Nikakishika.

Tulipofika kwenye kona ya nyumba yangu, binti akaniuliza.

"Unataka mwizi aendelee, mama mkubwa?"

"Nataka nimjue kwanza. Nikikifunga kitu hicho na kumbe si mwizi, nitamfungulia nani tena?"

"Si mwizi ni nani?" Akasimama. "Mimi ndiye niliyemlisha. Mimi ndiye niliyekuwa namgeuza kitandani, nikimpaka mafuta mgongoni. Kama ni mama anasalimia, wa kusalimiwa ningekuwa mimi. Mimi sijasalimiwa na mtu."

Nikamvuta mkono, tukaendelea kutembea.

"Kesho nakwenda wodini," nikamwambia. "Usibonyeze mpaka nirudi."

Akanyamaza, nami nikauchukua ukimya wake nikauita ndiyo. Tableti nikamwachia, maana yeye ndiye anayejua kuichaji bila kuilaumu.

Wodini muuguzi mkuu alinitambua tangu mlangoni. "Bibi wa nyimbo huyo," akawaambia wagonjwa, na wanawake kwenye vitanda wakageuza vichwa wote pamoja, wakanitabasamia kama watu waliokuwa wakinisubiri. Sijawahi kutabasamiwa na wodi nzima.

Simu ilikuwa kwenye kizingiti cha dirisha, ufa umepita katikati ya kioo, waya wa chaji umechomekwa ukutani. Kwenye kitanda alichokuwa mdogo wangu alilala mpishi wa shule, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita watoto mia. Akanishika mkono.

"Tunakushukuru, dada."

"Kwa lipi?"

"Kwa muziki. Marehemu alituachia hiyo simu. Alisema tusiiguse, dada yake atatuchezea kutoka nyumbani. Tukadhani maneno ya mgonjwa. Kumbe kweli. Kila siku tukishakula, unaanza."

"Na hakuna anayeigusa?"

"Aiguse nani?" mpishi akacheka. "Kioo chenyewe hakisikii kidole tangu kilipopasuka. Wewe ndiye unabonyeza huko kwako. Na mtundu wewe. Unatukatisha pale patamu, halafu baadaye unaturudishia."

Nikaenda dirishani, nikaweka kidole kwenye kioo. Nikabonyeza, nikasugua, nikagonga. Hakikuitika, kilikuwa cheusi na baridi kama sahani. Mimi nilikuwa nikidhani wao ndio wananinyang'anya, wao walikuwa wakidhani mimi ndiye ninayewachezea. Na mimi kumchezea mtu aliye mbali sijui hata kitufe chake kilipo.

Wahudumu wakapita wakakusanya sahani. Muuguzi akatazama mikono yangu, ilikuwa mitupu juu ya mapaja.

"Leo uko hapa, bibi. Atacheza nani?"

"Nimemwachia mtu," nikasema. Ulimi wangu haujawahi kuniangusha.

Simu ikawaka. Hakuna aliyekuwa karibu nayo. Magitaa yakaanza, ule wimbo wetu wa kwanza kabisa kuuweka kwenye akaunti, na wanawake wale wakafumba macho mmoja baada ya mwingine kama taa zinazozimwa kwenye ukumbi. Mimi sikufumba. Nilikitazama kile kioo mpaka macho yakaniuma.

Nilipoaga, mpishi hakuniachia mkono. "Kesho napelekwa chumba cha upasuaji," akasema, sasa kwa sauti ndogo ambayo sikudhani kama anayo. "Hapa usiku nalala, mchana ndio naogopa. Usiache kutuchezea kesho, dada."

"Siachi," nikasema. Ndivyo nilivyoahidi kazi ya mtu mwingine.

Nilimkuta binti amekaa kwenye stuli ya cherehani, tableti magotini. Hakuniangalia.

"Nimebonyeza," akasema.

"Lini?"

"Ulipochelewa. Iliandika Chiriku anasikiliza. Nilikaa nikaiangalia, nikaiangalia, nikashindwa, mama mkubwa. Hata neno la siri nimelibadilisha."

Nikakaa kwenye kiti cha wateja. Nikamweleza yote: kizingiti, ufa, mpishi, ahadi. Sikuongeza chumvi hata kidogo, na hiyo pekee ilimtisha. Akaanza kufuta machozi kwa mgongo wa mkono.

"Kesho asubuhi nitakwenda," akasema. "Nitawaandikia neno la siri jipya, waendelee."

"Utaandika kwa nini? Kioo hakisikii kidole."

Akaelewa. Dirisha lile lilikuwa limefungwa, na hakukuwa na mkono wa kulifungua. Akanigeuzia tableti ili nione. Kwenye orodha ya vifaa lilikuwepo jina moja tu, Mkubwa.

Nilimwomba simu yake nimpigie muuguzi mkuu, maana namba ilikuwa humo tangu siku za wodini. Nilitaka mpishi ajue leo, asikae kesho akisubiri. Binti akaweka sauti ya nje. Muuguzi akapokea.

"Mwanangu," nikamwambia, "nina habari mbaya ya muziki. Umekatika huku kwetu. Mwambie yule mama wa kitanda cha dirishani anisamehe."

"Umekatika?" muuguzi akasema. "Mbona unapiga?"

Binti akainua kichwa.

"Ulikatika kidogo tu ulipoondoka," muuguzi akaendelea. "Sasa umerudi. Ila leo umetubadilishia, huu si wa magitaa. Ni mwanamke anaimba peke yake, karibu karibu, kama yuko sikioni. Subiri, nawasogezea."

Tukasikia viatu vyake kwenye sakafu, kitanda kikilia, mtu akikohoa. Kisha sauti. Ilikuwa inaimba kitu kisicho na kichwa wala miguu, habari za njia inayopita katikati ya msitu, na siafu wanaokwenda mmoja mmoja bila kusukumana, na mtoto asiyetikisa kichwa atapewa sukari. Mimi nilizaliwa tumbo moja na yule mwanamke, na wimbo ule sikuwahi kuusikia.

Binti aliwahi kuusikia. Nilimwona alivyoweka mkono kichwani, kwenye utosi, akaufuata mstari wa nywele kwa kidole kimoja hadi kisogoni.

"Huu haumo kwenye akaunti," akasema polepole. "Huu haujarekodiwa popote. Alikuwa anautunga akinisuka, nisilie. Kila siku anabadilisha maneno." Akasikiliza. "Haya ya siafu ni mapya."

Nikaitazama orodha tena. Mkubwa, peke yake. Tableti ilikuwa kimya, hata maandishi ya kusema imenyang'anywa haikuandika.

Binti akazima sauti ya nje, akaiweka simu sikioni. Akatoka kwenye stuli, akakaa chini sakafuni mbele yangu, amenipa mgongo, kama wanavyokaa watoto wa kusukwa. Sauti sikuisikia tena, nilimwona tu akitikisa kichwa kidogo, kisha akijikumbuka na kutulia tuli.

"Mama mkubwa," akanong'ona, kama wale wa wodini, "usikate."

Simu ilikuwa mkononi mwake. Mimi sikuwa nimeshika chochote.