Kalafati ya Nguo za Eda

Siku Mwatima binti Mcha aliyotoka eda, watu wa Unguja Ukuu walitazamia ataoga baharini kama waogavyo wajane wote wa pale, nguo zake za eda azichukue mwoshaji, naye arudi nyumbani na kanga mpya, basi. Nani angedhania jengine? Hata Bi Mashavu, ajuza aliyewaosha wajane wa mji ule tangu enzi za Waingereza, alishuka pwani na sabuni yake bila ya wasiwasi.

Mwatima alioga. Alipotoka majini hakuitazama kanga aliyonyooshewa, aliitazama mashua. Ilikuwa imelazwa mchangani, juani, tangu marehemu mumewe Machano alipozikwa. Mbao zilikuwa zimekauka zikaachana, kidole chapita. Na ubavuni pake walisimama Usi, ndugu wa marehemu, na Gharib, mtu wa Fumba, wakiipigapiga kama wanunuzi wa ng'ombe.

"Shemegi, pole na eda," alisema Usi. "Mashua imekufa hii. Gharib anaikatakata, atapata mbao za banda. Nshamkubalia."

"Umemkubalia chombo cha nani?"

"Cha ndugu yangu."

Loo! Mashua ile aliiunda mzee Mcha kwa mikono yake, akamwachia bintiye. Machano alikuwa nahodha tu, akipakia boriti za mikoko na abiria, akizunguka Fumba, akipita Mbweni, mpaka Funguni mjini. Na safari nyingi Mwatima alikuwamo, akishika usukani mumewe alipokula au alipolala. Usi aliyajua yote hayo. Aliiacha ikauke makusudi, mwenye mali yumo ndani na eda yake, hawezi kutoka. Huo si uungwana hata kidogo, mtu kumvizia mjane!

"Bi Mashavu!" Mwatima aliita.

"Naam, mwanangu."

"Nipe nguo zangu za eda."

"Zangu hizo. Ndiyo ada."

"N'takupa mpya. Hizi nnazitaka mimi."

Akaichukua ya kwanza, akaichana toka juu hata chini. Wanawake wakashika vifua. Nguo ya eda hairudi hata nyumbani, seuze kuingia chomboni! Lakini Mwatima alishapiga magoti kwenye mashua, anakishindilia kitambaa katika mwanya wa mbao kwa ncha ya kisu. Mafundi huziba mianya kwa kalafati ya pamba. Yeye pamba hakuwa nayo.

"Nuksi!" Usi alipiga ukelele. "Unatia kifo chomboni?"

"Kifo kimeshanichukulia mume. Kije kitake nini tena?"

Bi Mashavu alimtazama Mwatima, akamtazama Usi, akasonya. Akajifunga kibwebwe. "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga," alisema. "Nyie wasichana mnakodoa macho ya nini? Mmoja akalete mafuta ya sifa, yale ya papa, wengine mkalete tanga lake nyumbani."

Wakachana, wakachovya, wakashindilia. Maji yalikuwa yameshajaa na yameanza kurudi walipoisukuma mashua juu ya magogo waende nayo mjini, Mwatima akapanda, na Bi Mashavu, na wanawake watatu wenye vifua vya kuthubutu. Usi alicheka mpaka akashika mbavu. Gharib naye akacheka, kwa kuwa mwenzake anacheka.

Hawakufika mbali. Maji yaliwakimbia, mashua ikakwaruza fungu la mchanga, ikainama upande. Pwani nzima ikaangua kicheko. Mwatima aliona haya, haya za kutamani ardhi immeze. Angerudi kwa miguu, mashua ingekuwa kuni kabla ya magharibi. Akateremka na wenzake, wakatia kalafati upya palipovuja, wakala mihogo yao ya kuchoma, wakasubiri maji.

Adhuhuri ilipopita, Usi akaja kwa miguu juu ya mchanga mtupu, suruali kaikunja magotini.

"Shemegi, yaishe. Sema tu kuwa mashua umeiacha, n'taita vijana wakusaidieni kurudi. Chombo cha kuzama hakina usukani."

"Hiki kinao. Nimeushika mimi."

Basi Usi akaanza. Akataja mila, akataja dini, akataja jina la ukoo, akamtaja mpaka bibi yake Mwatima aliyekuwa mkaidi vilevile. Alinogewa na maneno yake mwenyewe hata akasahau linalojulikana na kila mtoto wa Unguja Ukuu: siku za bamvua, bahari ijaapo kupita kiasi, maji hayaanzi kukujia usoni, huujaza kwanza mkondo ulioko nyuma yako. Bi Mashavu aliyaona. Akafumbua mdomo, Mwatima akamfinya paja, ajuza akaufumba.

Usi alipogeuka, mkondo ulikuwa unakwenda mbio, mpana, wa kumsomba mtu na kuogelea kwake. Ng'ambo, Gharib alimpungia mkono bila ya kulowesha hata ukucha. Mashua ikatikisika, ikainuka, ikaelea. Wanawake wakarukia ndani wakipiga vigelegele, maji yakampanda Usi kiunoni, yakampanda kifuani, akaushika ubavu wa mashua kwa mikono miwili.

"Shemegi, nipakie!"

"Chombo cha nani?"

"Mwatima, watu wananitazama!"

"Ndiyo nnavyotaka. Chombo cha nani?"

"Chako."

"Pwani hawakusikia."

"Cha Mwatima!" Usi alipaza sauti mpaka ikamkauka. "Cha Mwatima binti Mcha!"

Wakamvuta juu. Akakaa anatetemeka, anatiririka maji, akanyoosha kidole ufukweni. "Haya basi, nshasema. Niteremshe pale."

Mwatima alikaza kamba ya tanga, upepo ukaingia, mashua ikageuza kichwa kuelekea Fumba.

"Pale hatwendi. Sisi safari yetu ya mjini," alisema, akamrushia ndoo ya kutolea maji. "Na ndani munavuja. Fua maji."