Kitufe cha Mraba

...na nimekufa tena, hii ni ya tatu, mlango ule ule wa ghala, bomu lile lile miguuni, na aliyelidondosha ni mimi mwenyewe, adui hata hajaniona, yuko nyuma ya mapipa kanipa mgongo, haiwezekani, mimi nilikuwa najaza risasi, nimebonyeza mraba, na mraba ni kujaza risasi, umekuwa kujaza risasi tangu sehemu ya kwanza, na huko sebuleni Mzee Dastan anakohoa kile kikohozi chake cha kanisani kabla ya matangazo, kwa hiyo wameanza, basi waanze, wangoje, aliyeumia ni mimi, aliyeumia hatoki chumbani mbio kama kaitiwa pilau, mke wangu Sabina ameshachungulia mara mbili, Baba Damari, wageni wamekaa muda, nikamwambia nakuja, halafu nikaongeza sauti ya televisheni, makusudi kabisa, Kalinga asikie kwamba nacheza, asikie kwamba mkono aliouharibu bado unafanya kazi. Msumeno uliniachia vidole viwili upande wa kulia, gumba na cha shahada, na pedi ya gemu haidai zaidi ya hapo, gumba kwa vitufe, cha shahada kwa kufyatua, daktari alisema nitafute zoezi la vidole nikalipata, na gemu yenyewe kaleta nani, kaleta huyo huyo Kalinga, sehemu ya pili, aliileta hospitali imefungwa kwenye gazeti, akaiweka juu ya kabati bila kunitazama usoni, akasema tu, imetoka hii, akaondoka... sikuigusa miezi mitatu, leo ndiyo nimeazima pleisteshen kwa jirani nikaifungua, leo anapokuja, sijui kwa nini, au najua, nilitaka asikie.

Tumekuja kama wazazi, Mama Damari, anasema Mzee Dastan, hatukuja na ubishi, mwenzetu Kalinga amekaa na jambo hili miezi minne, amesema kwa kinywa chake mwenyewe, twende kwa ndugu yangu Ezekia tukaombe radhi, ndiyo maana unatuona hapa... na Bertha, mke wa Kalinga, anasema kitu kwa chini kuhusu nyanya, katoka nazo kwao Ilula, na kuna kuku pia, namsikia, kafungwa miguu chini ya kiti anagombana na kamba, kuku na nyanya na mzee wa kanisa, wamekuja kamili, na mimi nimejiandaa wiki nzima mbele ya kioo, nimekusamehe Kalinga, hapana, kavu mno, nimekusamehe ndugu yangu, yamekwisha, kwa sauti nzito ya mtu mkubwa, halafu nitampa mkono wa kulia, huu huu, aushike, ausikie ulivyo, na Jumatatu mzee atakwenda naye kiwandani akasaini kwamba yeye ndiye aliyewasha mashine, kazi yake iishie hapo, tuendelee na maisha. Haya, tuanze upya, mlango wa ghala, taratibu safari hii. Sabina anadhani tunachofurahia ni kuua, watu wazima na akili zenu, wanakwaya, mkitoka ibadani mnakwenda kuua watu kwenye televisheni, nasi tulikuwa tunacheka tu kwa kukosa jibu, lakini jibu ninalo, nimelipata kitandani hospitali, si kuua hata kidogo, waliokufa huwakumbuki hata sura, ni mikono. Kwenye gemu hizi huna uso, huna tumbo, huna umri, una mikono miwili tu imenyooka mbele yako, vidole kumi, nimevihesabu, na mikono hiyo inajua. Risasi zikiisha hufikiri, kidole gumba kinagusa mraba, mkono wa kushoto unachomoa magazini tupu, unapachika nyingine, unavuta nyuma, klak, na hiyo klak unaisikia mwilini kama ubao uliokaa kwenye fremu yake bila nyundo, hiyo ndiyo raha yenyewe, hakuna nyingine, kujua bila kufikiri, na sehemu ya pili watu wanaingoja kwa sababu hiyo hiyo, si hadithi, hadithi nani anaielewa, Kiingereza chenyewe kinakimbia, wanaingoja kwa sababu wanarudi na mikono yao, nyumba ni ngeni, maadui ni wapya, bunduki inang'aa, lakini mikono ni ile ile, uliifundisha miezi na miezi na sasa unaingia nayo mahali pageni kama mwenyeji, mimi hata kazini nilikuwa hivyo, miaka kumi na moja kwenye msumeno mmoja, gogo la paini linakuja, mkono unajua, geuza, sukuma, zima, hakikisha, geuza, wakaniita hivyo hivyo, Hakikisha, vijana wote wa Mafinga wanaopasua mbao wananijua kwa jina hilo, kwa sababu sikuwahi kutia mkono kwenye mashine bila kuihakikisha mara mbili, mwenzangu akisema imezimwa nazima tena mwenyewe, ndipo natia mkono, na ndiyo maana mtu wa usalama kazini alipokaa pembeni ya kitanda changu na karatasi zake, nikamwambia, mimi Hakikisha siwezi, tulikuwa wawili, ukinitoa mimi anabaki Kalinga, Kalinga kawasha, na nikasaini kwa mkono wa kushoto, saini mbaya kama ya mtoto.

Sasa, ghala, mapipa, yule anavuta sigara, risasi mbili, tatu, zimeisha, jaza... puuu, skrini nyekundu, nimekufa, na nilijua, hii ndiyo inayonitoa jasho, safari hii nilijua, mwanzoni kabisa walionyesha, picha ya mraba na kibomu kidogo pembeni, na pembetatu na picha ya risasi, nikasoma, nikasema sawa, nikabonyeza endelea, najua kabisa kwamba sehemu ya pili mraba ni bomu, ukiniamsha usingizini nitakwambia, na bado kidole kilikwenda, kilikwenda chenyewe, hakikuniuliza. Pedi mbovu hii. Ndivyo nilivyokuwa nasema kwa Kalinga, pedi mbovu, siku za sehemu ya kwanza, kwake, mpwa wake alihamia Mbeya akamwachia pleisteshen na televisheni kubwa, tukawa tunakaa pale Jumapili na chai na viazi, watu wazima wa miaka arobaini na kitu, na sheria yetu ilikuwa moja, ukifa unampa mwenzako pedi, na yeye akifa alikuwa anasema, kosa langu, anaipitisha, basi, kosa langu, kama mtu anayesema nipitishie chumvi, mimi nikifa ni pedi, ni mwanga wa dirishani, ni Bertha kapita mbele, na Kalinga anacheka, Hakikisha, pedi haina kosa... na mlipuko umesikika mpaka sebuleni, na Sabina anaona haya, anasema samahani jamani, ni zoezi la vidole, daktari kamwambia, na sasa anasema Kalinga, sijasikia sauti yake tangu hospitali, imekuwa ndogo, anasema, shemeji, anabonyeza mraba huyo. Mwambie wamebadilisha. Anajua, lakini mkono umezoea ile ya kwanza.

Mkono umezoea ile ya kwanza... ngoja. Wamebadilisha. Alisema hivyo hivyo, maneno hayo hayo, ngoja kwanza, alisema asubuhi ile fundi alipotuletea mashine mpya, tumesimama wanane na baridi ya Mafinga na vumbi la mbao puani, fundi anashika mpini wa swichi, kila upande una wake, anasema hii chini inawaka, juu inazima, na ya zamani ilikuwa chini inazima, miaka kumi na moja chini inazima, na Kalinga akachukua chaki akachora mshale kwenye bati upande wangu, akasema, Hakikisha, wamebadilisha, angalia mkono wako umezoea ile ya kwanza, nikasema sawa, nikacheka, mtoto wa darasa la pili anajua, sawa... na siku yenyewe, ganda la paini limekwama kwenye meno, Kalinga yuko upande wake, anazima, namsikia anasema imezimwa, na ilikuwa imezimwa, ilikuwa kimya, nasikia mpaka lori la magogo likipanda barabarani, na ninatia mkono wa kulia, na mkono wa kushoto... mkono wa kushoto ulikuwa wapi? Hakuna aliyeuliza habari za mkono wa kushoto, wote walikuwa wanatazama wa kulia, daktari, Sabina, mtu wa usalama, mimi mwenyewe, miezi minne natazama wa kulia, na wa kushoto umekaa hapa pajani mzima, vidole vitano, unajua. Ulipiga mpini chini. Najua ulivyopiga, napata hata baridi ya chuma kwenye kiganja sasa hivi, ule mpigo mfupi wa kuhakikisha, zima mara ya pili ndipo utie mkono, ila nilikuwa nimeshatia, ulikwenda wenyewe, chini, chini inazima, chini... Mungu wangu. Ni mimi. Mashine imezimwa, na mimi kwa uangalifu wangu, kwa kuhakikisha kwangu, nikaiwasha.

Hapana, hapana, ngoja, Kalinga mwenyewe alisema labda ni yeye, alisema labda kiwiko chake kiligusa mpini, alisema hivyo siku ile ile na damu yangu kwenye shati lake, baada ya kukimbilia swichi kuu na kunibeba mpaka kwenye gari, mtu anasema hivyo kama hajafanya? Anasema. Kalinga anasema. Huyo ndiye mtu anayesema kosa langu hata kabla hajaangalia, na mimi nilimjua hivyo na nikalichukua neno lake nikalitia saini, na miezi minne amesimamishwa kazi, fundi wa msumeno, yuko Ilula anapakia matenga ya nyanya kwa shemeji zake, na amefika mahali anaamini, amekaa usiku na mchana akikikumbuka kiwiko chake mpaka kikasogea, mimi ndiye niliyekisogeza, kwa maneno, kitandani, kwa sauti ya mtu wa uhakika. Skrini inauliza kama naendelea, ile mikono ya gemu imelala sakafuni mbele yangu, vidole kumi, na hakuna ajuaye, hilo nalo lipo, lisemwe, hakuna mtu ajuaye duniani ila mimi, mshale wa chaki ulishafutika, nikitoka sasa nikasema nimekusamehe ndugu yangu, Mzee Dastan ataomba, Bertha atalia kidogo, kuku atachinjwa, tutakula, Kalinga atanishika mkono huu wenye viwili na ataona haya mpaka siku atakayozikwa, na jina langu litabaki Hakikisha, na kiwanda hakitaniuliza kitu, na Jumapili nitaimba besi pembeni yake, naweza, watu wanaweza, lakini kila nitakapotia ufunguo mlangoni, kila nitakapozima taa nikairudia kuihakikisha, mkono huu wa kushoto... nimeogopa. Sijaogopa hivi hata meno ya msumeno yaliponishika, pale hapakuwa na muda wa kuogopa, hapa upo.

Baba Damari, anaita Sabina, ya tatu sasa, sauti yake imeanza kukaza, baba, watu wamengoja, njoo usikie mwenzio anachotaka kusema, na nasema nakuja, na sijasogea, kidole gumba kiko pale pale juu ya mraba, na Mzee Dastan anasema, basi tumwache aanze, Ezekia anasikia huko aliko, mlango uko wazi, sema mwanangu, toa kilicho moyoni, na kiti kinalia, Kalinga kasimama, namjua anavyosimama, kofia mkononi, na Bertha anavuta pumzi, na kuku chini ya kiti anapiga bawa moja kisha anatulia, na Kalinga anasema, ndugu zangu, mimi sina maneno mengi, siku ile mashine ilikuwa imezimwa, na mimi... na anasita, na ninakujua kusita huko, nimekusikia Jumapili ngapi akiwa na pedi mkononi anataka kunipa, na nalijua neno linalofuata, yuko karibu kulisema mbele ya mzee wa kanisa na mbele ya mke wake, na likishatoka litakuwa lake, halirudi, na wiki nzima mbele ya kioo sikujiandaa kwa hili, sina sentensi hata moja, kosa, anasema Kalinga, kosa... na nasikia sauti, si ile nzito niliyoifanyia mazoezi, nyingine, inapasuka katikati, ni yangu, Kalinga, nasema, na sijainuka bado, subiri, usilimalizie hilo, hilo ni langu.