Isale Pembeni mwa Mikoko

Mauza alinitania darasani muhula mzima, na mimi si mtu wa kunyamaza. Baba yake ana duka la boriti Kariakoo, na ukoo wao uko Dar es Salaam tangu enzi za mababu. Sisi baba yetu, mzee Tarsis, alitushusha kutoka Kibosho, mlimani Kilimanjaro, mwaka 1931, akafungua kiduka cha vitunguu. Basi kila nikifungua mdomo naitwa mtu wa mlimani.

Na kosa nililifanya mwenyewe, kule kwenye mkondo wa Gerezani. Siku ya kwanza kuiona mikoko, maji yamekupwa, mizizi imesimama nje ya tope, nikaingiwa na huruma. Kwetu mgomba ukionyesha mizizi unaufukia. Nikapandisha kanga, nikaanza kuirundikia tope. Wakata boriti walicheka mpaka wakakaa chini.

"We mtoto, iache! Hiyo mizizi ndiyo inayopumulia!"

Wakata boriti hao humpelekea mzigo baba yake Mauza; kesho yake darasa zima lilijua.

Lakini nilirudi. Kila Jumamosi nilirudi, nikakaa juu ya gogo na kuchora. Nikawazoea kaa wekundu, nikajua kuwa jani la mkoko ukililamba lina chumvi. Nilipapenda pale, nasema kweli, kama nilivyopenda shamba letu.

Ndipo Mwalimu Severa akatangaza kwamba picha moja tu ya darasa letu itakwenda kwenye maonyesho ya shule za mjini. Jina la maonyesho: Pwani Yetu.

"Yetu, Clotilda," Mauza akanigeukia. "Si yenu."

Nikaitaka nafasi ile kufa na kupona. Nilichemsha magome ya mkoko nikapata rangi nyekundu, nikachora mizizi yote, tope na kaa. Pembeni kote nikazungushia isale, yale majani marefu tunayopanda kwetu mpakani mwa shamba ili ijulikane kuwa hapa pana wenyewe.

Mwalimu Severa akakunja uso. "Isale haioti kwenye maji ya chumvi. Ifute, la sivyo picha haiendi."

"Samahani, mwalimu, siifuti. Nikiifuta, hii ni pwani ya Mauza peke yake."

 Mwalimu alinikazia macho, kisha akasema darasa liamue: kila msichana aweke punje ya kunde chini ya picha anayoitaka.

Mauza alikuwa na picha yake ya minazi, nzuri tu. Akaipita. Akainama mbele ya yangu, akaifuata mizizi kwa kidole.

"Mizizi umeipatia," akasema. "Mie nimezaliwa hapa hapa, na kule mikokoni sijashuka hata siku moja."

Akaweka kunde yake chini ya mikoko yangu. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Nilipiga kigelegele humo humo darasani, na adhabu ya kufagia uwanja niliifanya huku nacheka.

Siku ya maonyesho baba alifunga duka, jambo ambalo halifanyi hata akiumwa. Alisimama mbele ya picha, kofia mkononi. Bwana mmoja aliyevaa kanzu akamsogelea.

"Mzee, kwenu wapi?"

Baba, ambaye siku zote hulijibu swali hilo kwa kutaja Kibosho, akanyoosha kidole kwenye mikoko.

"Pale," akasema. "Na aliyechora ni binti yangu."