Titi Limetoka Upande Gani

Mimi ndiye niliyekuwa nasumbua watu. Nikishamaliza kuuza samaki wangu, sato, pale sokoni Nyakato, naoga harufu itoke, nafunga kitenge kisafi, naanza kuzunguka Musoma nzima kwa ndugu wa ukoo wetu. Hyasinta, mtoto wa kaka yangu Alfonce, ana uvimbe kwenye titi. Atapasuliwa Mwanza, na hospitali wanataka ndugu wa kumtolea damu, mtu wa kukaa naye ampikie, na gharama juu, maana siku hizi serikali nayo inasema tuchangie. Alfonce kiwanda cha nguo kimempunguza, hana mbele wala nyuma. Hyasinta mwenyewe ni mwalimu kule Bunda, mshahara wenyewe wa kusubiri mpaka miguu iote mizizi. Nani sasa atasimama kama siyo ukoo? Niliwaambia hivyo kila nyumba, na mdomo ninao, sokoni wananijua.

Basi ukoo ukakutana kwa baba mdogo Magesa. Watu wakanywa chai, wakala mihogo, walipokwisha kula, Magesa akajifuta mdomo akasema, "Titi ni kitu cha mama. Kwani Alfonce ana titi? Ugonjwa huu umekuja na mkewe, Ursula, kutoka kwao Butiama. Wajomba wa mtoto ndio wahangaike. Na huyo mwanamke ikibidi arudi kwao, kabla hajatuharibia mabinti."

Wakaitikia wote kwa vichwa. Na mimi niliitikia. Nilikuwa naujua ukweli, nikaitikia, na chai ya watu nikaimalizia.

Niliujulia Mwanza, kwa daktari. Tulikuwa watatu mbele yake: mimi, Alfonce na mtoto mwenyewe. Daktari akauliza kama kwa akina mama yake Hyasinta kuna aliyewahi kuumwa titi. Hakuna. Akauliza upande wa baba. Mimi nikaangalia ndala zangu. Alfonce ndiye aliyejibu, "Mama yetu. Na dada yetu mkubwa."

Mama alifia kisiwani Rukuba, kwenye kambi ya wavuvi. Mimi nilikuwa namwosha lile donda kwa maji ya chumvi, Alfonce mdogo anateka maji. Watu wa ukoo tuliwaambia ni jipu. Dada aliolewa mbali, akafia huko huko, na yeye tukasema jipu. Daktari alivyosikia akaweka kalamu chini. "Basi ni huko," akasema. "Baba anaweza kumpitishia mwanawe, na yeye mwenyewe asiumwe kitu. Na wewe mama uje tukupime, uje na binti yako kama unaye."

Ninaye. Miriamu, mmoja tu. Na Miriamu ana mchumba, watu wa Bunda, walishakuja, walishakubaliwa, ng'ombe wanaletwa baada ya mavuno. Nani atafunga ng'ombe wake kwenye nyumba ambayo wasichana wanaozaga vifua? Kwenye basi la kurudi nikamshika Hyasinta mkono nikamwambia, "Mwanangu, hili la daktari tuliache kwanza. Mdogo wako aolewe, halafu tutasema." Akaniangalia, akasema, "Sawa, shangazi." Mgonjwa ni yeye, na bado ni mimi niliyeomba kuvumiliwa. Ule msemo wa mficha maradhi nimewatupia wateja wangu mara nyingi sana, lakini siku ile haukunipitia hata mdomoni.

Alfonce naye hakumwambia mke wake. Kaka yangu ni mtu mzuri, lakini ni mwoga. Ursula akasikia maneno ya Magesa kisimani, kwa wanawake wengine. Hakugomba. Alifunga khanga, akapanda gari kwenda kwao kulia, akarudi kesho yake kumhudumia mwanawe.

Jumapili iliyofuata, watu wa Butiama wakaja.

Alitangulia Burito, kaka yake Ursula, anaswaga dume la ng'ombe, jeusi, limenenepa. Walitembea nalo njia nzima kwa sababu mchinjaji wa mjini analipa vizuri kuliko wa kule. Nyuma yake vijana wawili wa kutoa damu. Na nyuma yao kabisa, nikashika kifua, Penina mwenyewe, mama yake Ursula.

Kwetu mtu na mama mkwe wake hawaonani uso. Hawasalimiani kwa mkono, hawali pamoja, akipita huku wewe unapita kule. Tangu Ursula aolewe, Penina hakuwahi kukanyaga boma la Alfonce. Alfonce alipomwona tu akaingia chumba cha ndani akafunga mlango. Penina akakaa chini karibu na jiko la uani, akaipa nyumba mgongo, khanga ameivuta mpaka kwenye paji la uso. Hyasinta akaenda kukaa karibu na bibi yake. Miriamu wangu alikuwa anachambua mchele wa wageni, na Ursula anawasha moto.

"Marcelina," Penina akaniita, "wewe ndiye dada yake. Nibebee maneno umpelekee mkwe wangu."

"Sema, mama."

"Mwambie nimewauliza wazee wetu wote, kwetu titi lilimuuma nani, hawakumbuki. Lakini mmesema ni letu, basi litakuwa letu. Ng'ombe ndiyo hiyo. Damu hawa vijana watatoa. Mimi nitakaa Mwanza nimpikie mjukuu wangu mpaka atoke. Mwambie anisamehe kwa kumpa mke mwenye ubovu. Asimrudishe mwanangu. Akimrudisha sasa hivi, mtoto ataumwa mara mbili."

Mtu mzima, nywele zote nyeupe, anaomba msamaha wa kosa letu. Nikaingia ndani.

Alfonce alikuwa amekaa kitandani, amesikia kila neno, dirisha lile halina kioo. Analia. "Nenda umwambie ni kwetu," akasema.

"Wakijua watageuza ng'ombe wao."

"Wageuze."

"Na mwanao atapasuliwa na nini? Kwa chai ya Magesa?"

Akajifuta machozi kwa shuka. Nikajua nimempata, nikaona aibu kwa jinsi nilivyofurahi. Nilijua vilevile kwamba sikuwa nasema kwa ajili ya Hyasinta. Nilikuwa nawaona ng'ombe wa Bunda.

"Mwambie, dada," akarudia, sauti chini. "Mimi siwezi kutoka mbele yake. Mdomo wangu ni wewe."

Nikatoka. Watu wote wakanitazama. Penina hakugeuka, alikuwa anaangalia mikono yake. Nikasema, "Amekusamehe, mama."

Penina akalia, akashukuru, akamwambia Ursula, "Umesikia, mwanangu? Mumeo amesamehe." Na Ursula, yule ambaye hajawahi kukosa kitu, akainamisha kichwa kwa shukrani. Mimi nilitamani ardhi inimeze, na bado nilikuwa nimesimama pale pale, mikono kiunoni, mwenye shughuli.

Hyasinta ndiye aliyesema. Hakupandisha sauti. Alikuwa amechoka yule mtoto, hata kukasirika kulikuwa kunamchosha.

"Shangazi, Miriamu umeshamwambia? Daktari alisema naye aje apimwe."

Miriamu akaacha mchele. "Nipimwe nini?"

Ursula akageuka kutoka kwenye moto. Akaniangalia mimi, akamwangalia Hyasinta, akaangalia mlango wa ndani uliofungwa. Miriamu akauliza tena, "Mama, daktari alisema nini?"

Hapo ningeweza kudanganya tena, na uongo nilikuwa nao tayari. Lakini mwanangu alikuwa ananitazama, mkono ameubana kwapani, na nikaona kumbe nilikuwa nimekaa kimya ili aolewe, na pengine ninamwozesha kaburini. Nikakaa chini mavumbini mbele ya Penina.

"Ni kwetu, mama," nikasema. "Mama yetu alikufa kwa titi, nilimwosha mimi. Dada yetu vilevile. Daktari alituambia limepita kwa Alfonce. Ninyi hamna kitu. Na Alfonce hakusema amesamehe, alisema niwaambie ukweli. Mimi nimegeuza."

Kutoka chumbani ikasikika sauti ya Alfonce, "Ni kweli, mama." Mkwe na mkwe, miaka yote ile, hilo ndilo neno la kwanza alilomwambia.

Burito akainuka, akaenda kufungua kamba ya ng'ombe. Nikasema moyoni, imekwisha, wanarudi, nimemuua mtoto wa watu kwa mikono miwili.

"Unaenda wapi?" Penina akamuuliza.

"Kwa mchinjaji. Alisema nimfikishe kabla ya saa kumi."

Akaondoka na ng'ombe, na wale vijana nyuma yake. Penina akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Akamwita Miriamu akae karibu, akamshika bega.

"Sufuria ile kubwa tuibebe," akamwambia Ursula. "Nitawapikia wote wawili."

"Ndiyo, mama."

Nikasema na mimi nitafunga mzigo wangu, nitapanda nao. Ursula alikuwa anaongeza kuni. Hakunitazama, na sauti yake ilikuwa ya kawaida tu, kama ya kumwelekeza mtu njia.

"Wewe baki, wifi. Nenda Bunda kawaambie wenye ng'ombe. Mwanao tutampeleka sisi."