Sahani za Stoo ya Ngozi

Mwaka 1967 kazi yangu ilikuwa kuwapikia vijidudu. Nilikuwa msaidizi wa maabara mjini Garissa. Nilichemsha nyama, nikachuja supu, nikaigandisha ndani ya sahani ndogo za kioo zenye vifuniko. Ukiacha sahani wazi chumbani kwa saa moja, vijidudu vya hewani hutua humo. Ukiifunika na kuiweka mahali pa joto, baada ya siku mbili tatu unaona madoa, na kila doa ni ukoo mzima. Dada yangu Nafiso alinicheka. "Billow, mke huna, na supu unawapikia wasioonekana!"

Alinicheka akiwa upande wa pili wa ua wa miiba. Serikali ilikuwa imewakusanya wafugaji kwenye kambi zilizoitwa vijiji vyenye ulinzi, ili wasiwalishe waasi, wale shifta. Nafiso aliletwa kwa lori kutoka upande wa Hulugho, pamoja na bintiye Hawo wa miaka miwili. Ngamia wao walipigwa risasi kisimani, na mumewe hakujulikana aliko. Vibanda havikutosha, basi watu sitini wakatiwa katika stoo kuukuu ya ngozi, mabati juu, mabati pembeni, dirisha hakuna. Wiki ya pili Hawo akaanza kukohoa. Nilimwona, nikarudi kazini, nikachemsha supu. Uchungu ulikuwa umeniishia tangu mwaka wa kwanza wa vita.

Daktari Noordin alikuja na msafara wa malori kutoka Nairobi kuchunguza hewa ya ndani ya majengo. Alitaka sahani ziwekwe wodini, ofisini, kwenye bwalo la askari na kwenye stoo. Nilipomweleza habari za Hawo, aliniambia waziwazi, "Sahani za stoo zikitoka chafu kuliko za wodi, nitaandika watu watolewe humo, wajenge nje kwa nafasi. Mkuu wa kambi haamini kikohozi, lakini ataamini madoa." Nilimwamini. Ni jambo pekee nililoliamini mwaka ule.

Mlangoni pa stoo Nafiso alimpokea kwa Kiswahili chake. "Daktari, sisi watu safi. Hapana chafu hapa." Ndani kulikuwa na mwanamke aliyejifungua juzi, kwa hiyo sisi wanaume hatukuingia. Nikamkabidhi Nafiso sahani nne na kumweleza kwa Kisomali, harakaharaka, maana askari alikuwa anatuhimiza. Na mimi, msomi, nikatafuta mfano rahisi wa kumwelewesha.

"Zichukulie kama chombo cha maziwa," nikasema. "Kinachoingia humo ndicho kinachoyachachusha. Ziache wazi saa moja, kisha uzifunike."

"Nimeelewa, walaal, ndugu yangu," akasema. Na kweli alielewa.

Siku ya tatu tukazikagua. Bwalo la askari, madoa mengi hata tukachoka kuhesabu. Ofisi, hamsini na kitu. Wodi, themanini. Stoo, hakuna hata doa moja katika sahani zote nne, ila ile supu iliyoganda ilikuwa imegeuka kidogo rangi ya chai. Daktari alifurahi kama mtu aliyempata ngamia wake aliyepotea.

"Ni joto la mabati," alisema. "Linawaua vijidudu."

"Daktari, watu sitini wanalala humo."

"Billow, sahani hazina ndugu," akasema, wala hakusema kwa ubaya. Akaandika ripoti, akaipeleka kwa mkuu wa kambi, akapanda lori mchana uleule.

Nilipoziosha zile sahani ndipo pua iliponiambia. Moshi wa mgunga, uleule wa chombo cha maziwa cha mama yetu. Kwetu mwanamke hawezi kupokea chombo cha maziwa akakiacha bila kukifukiza kwa kijinga cha moto, kwa sababu moshi ndio unaozuia maziwa yasiharibike. Nililijua hilo tangu utotoni. Ningeweza kusema kikombe. Ningeweza kusema kitu kingine chochote.

Nilikwenda kwa mkuu wa kambi nikamweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanionyesha ripoti.

"Wewe ni daktari?"

Nikasema mimi si daktari. Msafara mwingine ulikuwa wa wiki tatu mbele.

Hawo alikufa siku ya kumi na moja baada ya ripoti. Tulimzika alasiri nje ya ua, askari wawili wakisimamia. Nilishika sepetu nikafukia. Mikono ilifanya kazi yake, mimi mwenyewe sikuwepo. Kesho yake familia nyingine sita zililetwa kwenye stoo, kwa kuwa ripoti ilisema ndilo jengo safi kuliko yote.

Juma lililofuata nilimkuta Nafiso amekaa mlangoni, anafukiza chombo cha maziwa. Maziwa yenyewe hayakuwepo. Nikachutama kando yake. Nilikuwa nimekuja kumwambia.

"Zile sahani zako," alisema kabla sijafungua kinywa. "Nilizifukiza vizuri, mara mbili, mgeni wako asione aibu yetu. Zilitokaje?"

Nilimtazama mikono.

"Safi," nikasema. "Safi kuliko zote."

"Alhamdulillahi," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi uso wake ukalegea kidogo.